Kinachovuta Miche Machimboni

Asubuhi ilikuwa ya kawaida tu. Mama Miche, kama majirani walivyozoea kumwita, alikwea kwenye machimbo ya zamani ya kokoto akiwa na ndoo, jembe na miche aliyoikuza mwenyewe uani. Wachimbaji walishaondoka, wakaacha kilima kimechunwa kama ng'ombe buchani. Kila masika tope lilishuka hadi kwenye nyumba za chini, na ukuta wa chumba cha mama yake ulishaanguka. Mizizi ndiyo ingeushika udongo. Basi akawa anapanda.

Shemeji yake, mlinzi wa pale, alimpokea uso umemsawijika.

"Ile ya jana haipo, shemeji."

"Mbuzi hao."

"Mbuzi anang'oa. Hii imezama."

Akaenda kutazama. Kweli. Mashimo yalikuwa yamejifumba, na katikati ya kila moja ilichungulia ncha ya jani la juu kabisa.

Shemeji akanong'ona, "Wale wachimbaji waliofukiwa na kifusi hawakutolewa wote. Unajua. Tuache."

"Niache, halafu mama alale wapi?"

Akachimba, akapanda. Jua lilikuwa la utosi. Akashindilia udongo kwa viganja. Alipotaka kuinuka, mche ukatikisika. Upepo haukuwepo. Ukatikisika tena. Ukashuka.

Akalidaka shina. Likashuka naye. Udongo ukamfika kiwiko, baridi. Kisha vidole vikamshika. Vya mtu.

Shemeji alishatimua mbio.

Mama Miche alikita magoti, akauma meno, akainama hadi midomo ikagusa ardhi.

"Pole kwa yaliyokupata," alisema polepole. "Lakini mama yangu yu hai. Mti huu hauendi popote. Ukivuta, navuta. Na kesho naleta mwingine."

Vidole vikakaza. Naye akakaza. Jasho likamwingia machoni, mkono ukafa ganzi. Hatimaye vikalegea, kimoja kimoja.

Akaupanda upya mche uleule, akaumwagilia, akamalizia na iliyobaki.

Shemeji hakurudi tena kazini. Kesho yake Mama Miche alipanda kilima peke yake. Miche yote ilikuwa imesimama. Mbele yake, kwenye mwamba mtupu ambako jembe lilikuwa likidunda, yalikuwepo mashimo mapya, safi, yakingoja. Nyayo hazikuwepo. Kingo zilikuwa na mikwaruzo ya kucha, kutoka ndani kuja nje.

Akatua ndoo, akaanza kupanda.