Usipulize, Fundi

"Umepuliza!"

"Sijapuliza, sista."

"Umepuliza, nimekuona kwa macho yangu haya mawili. Na hiyo barakoa ni ya kidevu? Vua glavu, tupa, anza upya."

Jamani, hiyo ilikuwa mara ya tatu kwa siku moja! Nimekaa mbele ya mdoli wa plastiki mwenye mrija kifuani, miwani imejaa ukungu, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi. Na kweli nilikuwa nimepuliza. Mimi ni fundi friji. Miaka kumi na minne, kila kifaa ninachokishika nakipuliza kwanza vumbi litoke, ndipo nakifunga. Mdomo wangu hauniombi ruhusa.

Sista huyo, muuguzi wa lishe, akavuta kiti.

"Sikiliza, fundi. Utumbo wa mwenzio haufanyi kazi. Chakula chake kinaingia moja kwa moja kwenye damu, kwa mrija unaoishia karibu na moyo. Pumzi yako ina vijidudu. Ukipuliza hapa, umempulizia moyoni. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Kukosea si dhambi, hata mimi nakosea. Lakini ukikosea unasema kwa sauti: nimekosea, naanza upya. Unatupa, unafungua kipya. Haya, sema."

"Nimekosea, naanza upya," nikasema huku nimenuna.

Pembeni mchumba wangu alikuwa amejiziba mdomo, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Huyo ndiye Mwalimu. Anafundisha darasa la tatu, na mtaa mzima unamwita hivyo. Tulikutana mwaka juzi, aliponiita nikamtengenezee friji. Nilipofungua mlango wake nikakuta mifuko mikubwa ya maji meupe imepangwa juu mpaka chini.

"Dada, unauza maziwa?"

"Hicho ni chakula changu cha wiki nzima. Friji ikifa, na mimi nakwenda nayo. Kwa hiyo tengeneza, acha maswali."

Nikatengeneza. Kesho yake nikarudi kuiangalia. Keshokutwa nikarudi tena. Friji ilikuwa nzima kabisa, mgonjwa nilikuwa mimi.

Utumbo wake ulijisokota akiwa chuoni, madaktari wakaukata karibu wote. Tangu hapo anaonja tu vitu kwa raha ya ulimi. Kila siku saa kumi na mbili jioni anafungwa mfuko kifuani, anafunguliwa asubuhi, anavaa gauni lake anakwenda shule. Mwenyewe hawezi kujifunga, kwa sababu vidole vya mkono wake wa kulia vilikufa ganzi. Hata ubaoni anaandika kwa kushoto. Kazi hiyo aliifanya dada yake mkubwa kwa miaka minne, na sasa dada amehamishiwa kazi mji mwingine.

Shemeji huyo hana mchezo. Siku niliyofaulu mtihani wa sista, mara ya nne, aliniita jikoni.

"Shemeji, harusi Jumamosi ya wiki ijayo, mimi Jumatatu nasafiri. Nakuachia roho ya mdogo wangu. Siku nikisikia umekosea, mara moja tu, namchukua naondoka naye. Shule ataacha, na wewe atakuacha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, shemeji."



*

Jumatano, siku kumi kabla ya harusi, shemeji alikuwa na mafua makali, kajifungia chumbani. Kufunga mfuko ilikuwa kazi yangu peke yangu. Na siku hiyo ndiyo mwenye bucha akaniganda na jokofu lake mpaka nikachelewa.

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini," Mwalimu akasema nilipoingia. "Njaa yangu haijui bucha."

"Nisamehe, mama. Nanawa sasa hivi."

Nikanawa mpaka viwiko. Nikavaa barakoa, nikavaa glavu. Miwani ikajaa ukungu, sioni kitu! Nimechoka, nina njaa, nimekasirika. Nikaishusha barakoa kidogo kwa bega. Nikafungua kifuniko cha mrija, nikaona kijiuzi cha pamba kimekaa pale mdomoni mwa mrija.

Fuu!

Nikaganda. Mwalimu alikuwa amegeuza uso ukutani, kama tulivyofundishwa, asipumulie mrija.

"Vipi?" akauliza.

Pakiti mpya za vifaa zilikuwa mezani, kumi nzima. Ilikuwa ni kusema maneno matatu tu. Lakini kupitia ukuta nilimsikia shemeji anakohoa, na nikaikumbuka ile sauti ya jikoni.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Umemaliza?"

"Namalizia."

Nikafuta kidogo kwa dawa, nikafunga. Upumbavu wangu ulianzia hapo, na naueleza kama ulivyo.

*

Kesho yake nilifunga mfuko vizuri, hatua kwa hatua. Haikupita nusu saa nikasikia meno yanagongana.

"Fundi... baridi. Nifunike."

Nikamfunika blanketi, nikaongeza la pili. Kitanda kizima kinatetemeka. Shemeji akatoka mbio, akazima mashine inayosukuma chakula, tukamkimbiza hospitali iliyo karibu. Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole, na mgonjwa wa aina hii alikuwa hajawahi kumwona. Akampima, akamgeukia shemeji.

"Wewe una mafua?"

"Tangu Jumanne, daktari."

"Basi umemwambukiza. Nampa dawa ya homa, mrudisheni nyumbani, mwendelezeeni mfuko wake apate nguvu."

"Afadhali!" shemeji akashusha pumzi. "Shemeji, mshike mkono twende."

Sikumshika. Akilini niliona suti yangu imetundikwa mlangoni. Niliona kadi zimeshagawiwa. Nikinyamaza, harusi ipo. Bibi harusi je?

"Daktari, msimfunge huo mfuko."

"Kwa nini?"

"Jana nilipuliza."

"Ulipuliza nini?" Shemeji akanigeukia taratibu.

"Mdomo wa mrija. Nilipuliza, nikafunga hivyo hivyo, nikanyamaza. Daktari, mpigie sista wa lishe, namba hii hapa. Tafadhali."

Mkoba wa shemeji ulinipata shavuni. Sikuukwepa. Daktari alikuwa ameshaweka simu sikioni, na sauti ya sista tuliisikia wote bila spika:

"Usiuguse huo mfuko! Chukua damu ya mrija na damu ya mkono, anza dawa sasa hivi, usingoje majibu!"

Wauguzi wakajaa. Mwalimu akanitazama kutoka kitandani, midomo imekauka.

"Nilikuuliza vipi," akasema. "Ukaniambia hakuna kitu."

"Nilisema hivyo."

"Ondoka, fundi."

*

Siku ya tatu ikaingia meseji ya shemeji: "Vijidudu vimeonekana kwenye mrija. Dawa zimemshika, wanambadilishia mrija. Usije."

Nikamwandikia Mwalimu: "Mpenzi, nisamehe."

Kimya.

"Mwalimu, hata nitukane basi."

Kimya.

Nikaandika meseji ndefu kama barua ya kuomba kazi, mpaka ule uzi wa pamba nikautaja. Hiyo akaijibu: "Acha kutuma."

Jumamosi ya harusi nilikaa kitandani naitazama suti. Mama mzazi akapiga simu, anauliza awaambie nini wageni. Nikamwambia waambie mwanao mjinga. Akasema hilo wanalijua, anataka sababu nyingine. Kazini nako balaa tupu. Kila nikikishika kifaa, mdomo unataka kupuliza na mimi naubana. Mteja mmoja akaniuliza kama naumwa jino.

Sista nilikutana naye kwenye geti la hospitali, maana sikuacha kwenda kusimama pale nje.

"Mdomo wako ulimponza," akaniambia. "Halafu mdomo huohuo ukamwokoa. Kama ungechelewa mpaka asubuhi, mimi na wewe tungekuwa tunaongea mengine."

"Basi mwambie hivyo, sista."

"Nimeshamwambia. Anasema hesabu haijakaa sawa."

Wiki ya tatu, Jumanne saa kumi na moja jioni, simu ikaita. Ni yeye!

"Fundi."

"Mwalimu! Abee... yaani, naam!"

"Friji yangu haipoi."

Nilifika na pikipiki kabla sijajua nimevaa viatu gani. Shemeji alikuwa sebuleni, mikono kifuani, masanduku yake yamefungwa mlangoni. Aliahirisha safari mara mbili. Nikachungulia nyuma ya friji.

"Haijachomekwa," nikasema.

"Najua," Mwalimu akajibu. Amekonda, macho yaleyale.

"Umechomoa lini?"

"Niliposikia pikipiki yako. Sina wazimu wa kuharibu chakula changu. Chomeka, halafu ukanawe mikono."

Mfuko wa jioni ulikuwa umeshatolewa, uko mezani unapoteza baridi. Nikanawa. Nikavaa barakoa, nikaibana puani kwa plasta, miwani haikupata ukungu. Shemeji kasimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua kwa hasira. Nikavaa glavu. Nikanyoosha mkono kuchukua kifuniko, na kidole changu kikagusa mkono wa shati. Kilichosalia kilikuwa kufunga tu.

"Nimekosea," nikasema. "Naanza upya."

"Umekosea wapi?" shemeji akauliza. "Mbona mimi sijaona?"

"Glavu imegusa shati."

Nikatupa. Nikanawa tena, nikafungua pakiti nyingine. Safari hii kifuniko kikaniponyoka.

"Nimekosea. Naanza upya."

"Mungu wangu, tutakesha hapa," shemeji akanung'unika, lakini akanisogezea pakiti ya tatu mwenyewe.

Ya tatu ikakaa. Mashine ikaanza kunguruma. Mwalimu akageuza uso kutoka ukutani, machozi yamejaa.

"Unajua kilichoniuma, fundi? Darasani kwangu mtoto akikosea anafuta, anaandika tena. Simpigi hata siku moja. Wewe uliogopa kuniambia umekosea kuliko ulivyoogopa kunipoteza."

"Niliogopa kukukosa."

"Ndiyo hivyo, karibu unikose kabisa. Usinifiche tena. Hata kama ni kitu kidogo kama uzi wa pamba."

"Sikufichi."

"Dada," akaita, "masanduku yako unaweza kuyapeleka stendi."

Shemeji akaingia jikoni. Alisema anakwenda kukata vitunguu. Nyumba ile haina kitunguu hata kimoja.

*

Harusi tuliifanya asubuhi, ofisini kwa msajili, ili jioni isituharakishe. Mama yangu mbele, sista pembeni, shemeji kasafiri tangu alfajiri kuja kushuhudia. Msajili akasema nimvishe pete. Kwa woga nikaukamata mkono wa kulia, nikamvisha.

Mwalimu akaniinamia sikioni.

"Huo hausikii kitu, fundi."

Nikasema kwa sauti, ukumbi wote ukasikia:

"Nimekosea. Naanza upya."

Sista alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nikaivua pete ile, nikaushika mkono wa kushoto, ule unaoandika ubaoni. Na kabla sijaivisha, mdomo wangu haukuniomba ruhusa.

Fuu!

Shemeji akaukamata mkoba wake.

"Hiyo puliza tu, mume wangu," Mwalimu akasema, akanyoosha kidole.