Jina Nusu

Jua la Bunda lilikuwa linazama, na Kasmiri alikuwa anafunga kibanda chake cha kuchonga pale Nyasura ili awahi dagaa sokoni, aliposikia mtu akigonga kwenye mbao.

Mwanamke. Kanga mbili, miguu peku, jiwe jeusi kifuani kama anayebeba mtoto.

“Fundi, niandikie jina.”

Kasmiri hakushangaa. Tangu biashara ifunguliwe na mitumba ianze kuingia, aliweka patasi chini akanunua mashine ya umeme ya kuchongea, nayo ya mtumba. Ilikuwa na kitufe cha kuzungusha cha kupimia nguvu: mbili kwa mti, tano kwa jiwe. Mti ukiuwekea tano unaungua. Jiwe ukiliwekea mbili linakucheka. Kwa mashine hiyo alichonga misalaba mingi ya makaburini, hata wa mkewe. Siku ile hakulia. Alipuliza vumbi, akavuta ubao mwingine.

Akazungusha kitufe hadi tano.

“Weka mbili,” mwanamke akanong'ona.

“Mama, hili ni jiwe. Mbili natumiaga kwenye mti.”

“Utaliumiza.”

Utaliumiza... Kasmiri akaweka mbili, ili mama wa watu ajionee mwenyewe.

Ncha ikazama.

Jiwe lilikatika kama muhogo uliochemshwa. Mashine haikupiga kelele; ilivuma chini chini, kama nyuki ndani ya mtungi. Unga uliotoka ulikuwa na unyevunyevu. Kisha ikapanda harufu... ya nywele zinazoungua.

Mwanamke alitaja herufi moja moja. T. E. R. E.

“Tereza,” Kasmiri akasema bila kuinua macho. “Na mimi binti yangu anaitwa hivyo. Yuko Butiama kwa shangazi yake.”

“Najua. Malizia.”

Mkono ukasimama.

Mwanamke hakukasirika. Alisubiri tu, kama watu wanavyosubiri unga mashineni. Kasmiri akapeleka kitufe hadi tano, hadi sita, akakandamiza ncha juu ya herufi zile azifute. Cheche zikaruka. Ncha ikavunjika. Jiwe halikuchubuka.

“Basi,” mwanamke akasema, akilifunga kwa kanga. “Nusu nayo ni kitu.”

Akatoka. Kasmiri alipochungulia, barabarani hapakuwa na mtu.

Asubuhi alipanda gari la kwanza hadi Makutano, kisha baiskeli hadi Butiama. Dada yake Miriamu alimpokea mlangoni.

“Tangu jana jioni, kaka.”

Tereza alikuwa mkekani, anaongea vizuri. Kiganja cha kushoto kilijaa malengelenge. Kilikuwa kimelala juu ya jiko, na hakujua. Upande ule wote, toka bega hadi unyayo, haukuhisi kitu.

“Hapaumi, baba,” akasema. “Ni kama si wangu.”

Hospitali hawakuona ugonjwa. Kasmiri akamchukua, wakarudi Bunda.

Mwezi ukapita. Ndipo ilipofika barua ya Florian, fundi mwenzake wa Kamunyonge, Musoma. *Kuna mama ameniletea jiwe jeusi lenye jina nusu. Anataka nimalizie kwa nguvu ya mti. Wewe uliyezoea mashine hizi, nishauri. Nimemwambia arudi kesho.*

Kasmiri akatazama tarehe. Barua ilikuwa na siku nne; ile kesho ilikuwa imeshapita.

Uani, Tereza alikuwa anachambua mchele kwa mkono mmoja, anaimba. Kasmiri akaketi kizingitini, barua mapajani. Alisikiliza tu, wimbo usije ukakatika.