Honi Tatu za Kona ya Makaburi

Rafiki yangu Rosman wa mji wa Ipoh haombi njia kwa mtu, awe hai au maiti. Gari lake kuukuu lilikuwa likiyumba kwenye kona za mlimani, basi akampelekea fundi Seng chuma kipya cha kuunganisha vichwa vya shokapu mbili za mbele, chini ya boneti, amfungie.

Seng akikaza nati akamwambia, "Kona ya makaburi usisahau honi, kijana. Tatu, za kuwaomba njia waliozikwa pale, kama wafanyavyo wenzako."

"Mzee, honi ni ya gari linaloyumba. Mimi sasa sina wa kumbembeleza."

Adhuhuri hiyo ukungu ulishuka, kona ikawa giza. Rosman akaipita kimya, gari limetulia tuli. Ndipo akasikia chini ya boneti: ngo, ngo, ngo.

"Gonga utakavyo," akasema. "Honi sipigi."

Nyumbani akafungua boneti. Nati zilikuwa zimekazwa vilevile, ila kwenye chuma palikuwa na alama za viganja viwili vya udongo mwekundu, vimekishika kama abiria anavyoshika bomba la basi.

Akavifuta. Chuma hajakitoa, na honi bado hapigi. Jana kanipigia simu, anacheka. Viganja sasa ni vinne, na viwili ni vya mtoto.