Aliyeitika kwenye Spika

Badru, fundi redio wa Sinza, aliwadharau hata wanaomlisha. Mteja akileta redio mbovu, atasonya kwanza, atatema mate pembeni, ndipo aishike. "Nyie mnajua kununua tu," huwaambia. Na mtu akitaja mashetani, hapo atacheka mpaka machozi yamtoke.

Jioni moja, miaka ile magari ya mitumba yalipokuwa yakimwagika kutoka bandarini Kurasini, mama mmoja wa makamo aitwaye Editha aliingia uani kwake na gari dogo jeupe la mumewe.

"Muziki unakatika, kaka. Halafu kuna... kuna mtu anaita."

"Mtu?" Badru akabetua mdomo. "Waya wa eathi umelegea huo, mama. Unavuma. Mumeo ameshindwa kuja mwenyewe?"

"Romani hasemi tangu Pasaka. Aliitwa humo, akaitika." Akashusha sauti. "Ikikuita, nakuomba, usiitike."

"Ushamba mzigo," Badru akanong'ona, kusudi asikiwe.

Akafungua buti. Amplifaya ilikuwa ya moto kama pasi. Fyuzi nzima. Akakwangua rangi ya bodi, akaukaza upya waya wa eathi, akawasha.

Mvumo ukaisha.

"Umeona? Shetani wako alikuwa anataka spana tu."

Ndipo harufu ikatoka kwenye spika... udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa sasa hivi. Kisha pumzi.

Hhhh... hhhh...

Akachomoa nyaya zinazoleta sauti kutoka redioni. Pumzi zikaendelea. Akachomoa fyuzi; taa nyekundu ya amplifaya ikazimika. Pumzi zikaendelea. Akakimbilia mbele, akafungua betri, akaitua chini mchangani.

Kimya.

Adhana ya magharibi ikaanza, mbali.

"Badru..."

Sauti ya mwanamke, taratibu, kama anayebembeleza mtoto.

"Badru wee..."

Nywele zikamsimama. Akageuka. Editha alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, anamtazama yeye, si gari. Macho yale ndiyo yaliyomponza. Yeye, Badru, atetemeke mbele ya mwanamke huyu? Akaiinamia spika.

"Naam! Unasemaje, mpumbavu wewe?"

Spika ikacheka.

Ilicheka kwa sauti ya Badru mwenyewe.

Badru akafungua kinywa atukane. Hakikutoka kitu. Akakohoa, akajipiga kifua, akamkamata Editha bega. Hata mkoromo haukutoka. Mama yule akaibandua mikono yake kidole kwa kidole, akairudisha betri mahali pake, akaondoka na gari.

Jumapili iliyofuata, majirani wa akina Editha kule Temeke walimsikia Romani akiimba kanisani, sauti nzito, haina kasoro.

Najat, mkewe Badru, alimpeleka mume hospitali. Wakaambiwa koo ni zima. Akampeleka kwa mganga. Mganga alimtazama mara moja tu, akawaomba watoke kwake kabla jua halijazama.

Baadaye Editha alikuja kumjulia hali. Alimletea uji, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mie si nilikukataza, kaka?"

Badru akamkodolea macho, midomo ikimcheza bure.

"Nilizunguka kwa mafundi wengi kabla yako," Editha akasema kwa upole. "Mpaka Mikocheni nilifika. Waungwana wote. Niliwakataza, wakanisikia."

Akaweka ufunguo wa gari juu ya stuli, karibu na mkono wa Badru. "Nawe tafuta asiyesikia," akasema, akaaga.