Mpaka Barabarani Tu

Mimi si mtu wa mashetani. Wanaoyaona kila kona huwa nawaambia wakapime malaria kwanza. Lakini hili lilimkuta mdogo wangu, tumbo moja na mimi, na nililiona mchana kweupe nikiwa kwenye kigoda changu napepeta mchele. Sikuhadithiwa na mtu.

Mdogo wangu ni fundi magari. Uani kwake, ambako nami naishi, kulikuwa na gari dogo la bluu, limepauka, matairi yamekwisha upepo. Ndilo alilompakia mkewe, wifi yangu, siku uchungu wa uzazi ulipomshika. Likazimika katikati ya njia ya hospitali. Fundi mzima, magari ya watu wote anayaponya, la kwake likamgomea. Akafungua boneti, akahangaika nalo. Alipoinua kichwa, wifi alikuwa ametulia kimya kwenye kiti cha abiria, mtoto tumboni.

Baada ya mazishi alilivuta mpaka nyumbani, akaishusha injini, akaifumua yote. Akavipanga vipande kwenye meza ya gereji, akaviosha kwa petroli kimoja kimoja, akitafuta ugonjwa. Hakuuona. Injini ilikuwa nzima kama jicho. Miaka sita ikapita, vipande viko palepale chini ya turubai, hataki kuvirudisha, hataki kuviuza.

Kila alasiri alikuwa anaingia kwenye lile gari, anakaa kwenye usukani, anazungumza. Nikasema moyoni, kachanganyikiwa huyu, atapoa. Mpaka siku niliyompelekea chai. Jua linachoma hata mbwa amejificha. Vioo vyote vikavu. Kile cha upande wa abiria kilikuwa na ukungu, kwa ndani. Ukafutika. Ukarudi. Ukafutika. Ukarudi.

Kama mwanamke anayehema kwa uchungu.

Nikaiweka chai juu ya boneti, nikaondoka. Sikuuliza. Kuna mambo mtu ukiuliza unajibiwa.

Sasa, kulikuwa na jirani mmoja, nyumba ya vigae, roho ya korosho. Akaenda kushtaki kwenye halmashauri kwamba gari bovu linamharibia mtaa. Bwana afya akaja, akasema ni mazalia ya mbu. Mdogo wangu akafukia madimbwi. Akaja tena, akasema panya. Tukaleta paka. Mara ya mwisho hakuja na sababu, alikuja na lori la vyuma chakavu na wapakiaji wake.

"Sheria ni sheria, bibi," akaniambia. "Gari lisilotembea haliruhusiwi kukaa kwenye makazi ya watu."

"Hata mimi magoti hayatembei. Nipakie."

Wapakiaji wakacheka. Yeye hakucheka, uso umekunjwa kama soksi.

Mdogo wangu akatoka gereji, mikono imejaa grisi. "Mkubwa, nakuomba. Chukua chochote humu ndani. Hilo liache."

Bwana afya akachungulia chini ya boneti, akaona uwazi mtupu. Akatabasamu. "Fundi, nisije nikaonekana sina utu. Likitoka hapa mpaka barabarani lenyewe, bila kusukumwa, nitasema ni gari, nitaondoka. Lisipotoka ni chuma, na chuma nakibeba."

Mdogo wangu akaligeukia gari. Nikamwona anavyokitazama kile kioo, na mchele ukanimwagikia.

"Usimwombe," nikamnong'oneza. "Mdogo wangu, usimwombe kitu yule. Mwache alivyo."

"Dada, watamchukua."

Akaingia, akafunga mlango. Nilikuwa karibu, nikasikia. Sauti ilikuwa ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Mke wangu, wamekuja. Twende kidogo. Mpaka barabarani tu."

Kioo kikajaa ukungu. Hakikufutika.

Gari likasogea.

Halikunguruma. Halikutoa moshi. Matairi bapa yaliburuta kokoto, kraa, kraa, na ua wetu ni tambarare kama sinia. Mpakiaji mmoja aliruka ukuta. Likapita getini. Likafika barabarani. Likasimama.

Mlango wa abiria ukafunguka.

Hatukuona mtu. Niliona gari likiinuka upande ule, polepole, kama linavyoinuka anaposhuka mtu mzito.

"Wewe!" mdogo wangu akaita. "Nimesema mpaka barabarani tu! Rudi! Rudi ndani, nakuomba!"

Arudi wapi? Mwanamke alikuwa njiani kwenda hospitali. Miaka yote ile alikaa kwenye kiti akingoja mumewe aseme twende. Na siku hiyo kasema.

Nilipokiangalia kioo, kilikuwa kikavu.

"Fundi," bwana afya akasema, anarudi kinyumenyume kuelekea lori. "Kaa na gari lako." Akapanda lori, na mtaa huu hajaukanyaga tena.

Kwa hiyo mdogo wangu alishinda. Gari likabaki lake. Alikaa kwenye usukani mpaka jua likazama, mkono wake umelala juu ya kiti kile kitupu, mlango uko wazi. Nikamletea chai, ikapoa juu ya boneti. Baada ya siku chache aliwaita watu wa vyuma mwenyewe. Walipokuwa wanalipakia hakutoka nje. Nilisikia tu chumbani mtu mzima analia kama aliyefiwa leo.

Juzi nilikwenda hospitali kwa ajili ya presha yangu. Kwenye korido ya wadi ya wazazi nikamkuta mfagizi amepiga magoti, anasugua sakafu, anatukana.

"Nani kakuudhi, mwanangu?"

"Sijui ni nani, bibi! Nasugua asubuhi, mchana zimerudi. Sabuni haitoi, mafuta ya taa hayatoi."

Zilikuwa nyayo za mwanamke, peku, nyeusi kwa oili ya injini. Zimeanzia mlango mkubwa, zimekwenda moja kwa moja mpaka mlango wa wadi. Zinaingia. Hakuna hata moja inayotoka.

Mdogo wangu sijamwambia, na sitamwambia. Maana niliinama nikazitazama vizuri. Kando ya kila unyayo wake kulikuwa na mwingine, mdogo, peku vilevile, wa mtoto wa umri wa kuanza shule.