Sakafu ya Bwana Rangi

Kila siku akitoka shule, binti wa fundi cherehani alivua sare, akavaa ovaroli iliyokunjwa miguu mara mbili, akaenda karakana kwa mjomba wake. Watu wa mtaa huo walimwita Chaki, na jina hilo alilipata kwa jasho lake.

Mjomba alikuwa fundi wa trela za kulala, vile vyumba vidogo vya magurudumu ambavyo wasafiri huvifunga nyuma ya gari na kuvikokota, ndani kuna kitanda, kabati na jiko la gesi. Karakana yake ilikuwa na sheria moja isiyopindishwa. Aliyekaza nati za gurudumu alizitia alama ya chaki, nati baada ya nati, kisha akapanda gari la mteja kwa mwendo mfupi, akashuka na kuzijaribu tena, kwa sababu nati zilizokazwa upya hupenda kulegea njiani. Chaki alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa miaka miwili hakuna nati yake iliyokutwa imelegea.

Lakini moyoni alikuwa na donda. Miezi minne nyuma, mjomba akiwa safarini, mama alinunua trela kwa muuzaji mmoja aliyeitwa Bwana Rangi. Mama alikuwa akizunguka miji midogo wakati wa likizo kushona sare za shule, na alitaka mahali pa kulala yeye, mwanawe na cherehani yake. Trela ilimetameta kama sahani mpya. Ndani kulikuwa na zulia jipya na harufu nzuri ya manukato. Mvua ya kwanza ikaumbua kila kitu: paa lilivuja kwenye viungo vilivyozibwa kwa rangi tupu, mbao za sakafu zilikuwa zimeoza chini ya zulia, na cherehani ikadidimia mguu mmoja. Vitambaa vya sare za shule nzima vikaota ukungu, na kazi ile akapewa mshonaji mwingine.

Mama alipokwenda kulalamika, Bwana Rangi alicheka mbele ya watu.

"Mama, siku unanunua, macho uliyaacha nyumbani?"

Watu nao wakacheka. Chaki alikuwepo, ameshika mkono wa mama, na mama alilia njia nzima kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya kusamehe. Alikula na kisasi, akalala na kisasi, na darasani alipoambiwa achore pembetatu alimchora Bwana Rangi akiwa shimoni.

Basi mtu huyohuyo akaja karakana, anakokota trela yake mwenyewe. Magurudumu yalikuwa yakipiga kelele, na hakukuwa na fundi mwingine wa trela karibu.

"Fundi, nitilie grisi kwenye beringi," alisema. "Jioni hii nina safari."

Chaki alimtazama mjomba, akingojea amfukuze. Mjomba aliinua jeki tu.

"Mjomba, huyu ndiye aliyemliza mama," Chaki alinong'ona.

"Namjua. Lete kopo la grisi. Kazi ni kazi."

Wakafungua magurudumu, wakasafisha beringi, wakazitia grisi mpya. Mjomba alikwenda kukagua taa na kiungio cha mbele, Chaki akaachiwa nati. Gurudumu la kulia alilikaza barabara. Alipofika la kushoto, mkono ulisita. Bwana Rangi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula karanga na kutema maganda kwenye sakafu iliyokwisha kufagiliwa. Roho ya Chaki ikachemka. Alizigeuza nati zile kwa vidole tu, akazitia chaki moja moja, akarudisha spana mahali pake. Alijisikia vizuri. Tusidanganyane, alijisikia vizuri sana.

Bwana Rangi akawasha gari. Mjomba akafuta mikono, akafungua mlango wa mbele.

"Una mtihani kesho, mpwa wangu. Baki usome, nitapanda badala yako."

Chaki alimfuata hadi mlangoni. "Huzijaribu nati kwanza?"

"Chaki yako imeanza lini kunidanganya?" mjomba alijibu, akafunga mlango.

Gari likaanza kwenda taratibu kuelekea lango. Kumbe mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Chaki alikimbia, akampita mbwa wa mlinzi, akasimama katikati ya lango mikono juu. Breki zililia, na gari likasimama hatua mbili kutoka magotini pake.

"Shuka, mjomba. Gurudumu la kushoto sikulikaza."

Mjomba alishuka, akaichukua nati kwa vidole viwili, nayo ikazunguka. Bwana Rangi alipandisha sauti mpaka majirani wakachungulia, akisema hapa wanataka kumuua. Mjomba alimwomba radhi, na kuisikia radhi ile kulimuuma Chaki kuliko kofi. Kisha mjomba alizikaza nati zote mwenyewe, kulia na kushoto, akapanda, akaenda, akarudi kwa miguu.

"Ningekuwa ndani," alisema aliporudi.

"Sikujua ungepanda."

"Na watu wa barabarani? Gurudumu likichomoka linachagua wa kumgonga?"

"Alimliza mama. Dawa ya moto ni moto."

"Moto wako ungeniunguza mimi kwanza. Mwezi mzima usiguse spana. Na mama yako utamwambia mwenyewe."

Chaki alimwambia mama jioni hiyo, mama akiwa ameinama kwenye cherehani. Mama alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Unadhani mimi simchukii?" alisema. "Namchukia mpaka sindano inanichoma. Lakini ukivizia gizani, kesho yeye ndiye ataonewa huruma, na mwizi wa haki utakuwa wewe. Tukitaka kumlipa, tutamlipa mchana, watu wakiona. Jumamosi twende uwanjani anakouzia trela zake."

Jumamosi walimkuta Bwana Rangi akiwasifia wateja trela nyingine, mwalimu mmoja na mkewe wakisikiliza midomo wazi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Bwana Rangi siku hiyo alikuwa ameitembeza haswa.

"Shikamoo, mwalimu," Chaki alisema. "Kabla hujanunua, kanyaga pembe za sakafu kwa kisigino. Katikati hapaozi haraka, pembeni ndiko maji hujificha."

"Mtoto, ondoka hapa," Bwana Rangi alisema.

"Mwache," mke wa mwalimu alisema. "Endelea, mwanangu."

Chaki akaendelea, na kila neno lilikuwa tamu mdomoni. Wafungue kabati na kunusa, kwa maana ukungu haufichwi na manukato siku zote. La kuvunda halina ubani. Waangalie madoa darini. Wagonge ukuta, na mahali palipolainika wapaogope. Tairi wasilipime kwa meno yake tu, wasome ubavuni mwaka liliotengenezwa, kwa sababu tairi huzeeka hata likiwa limesimama. Wamwagie paa maji kwa mpira, kisha waingie ndani wakangoje. Na wajue uzito ambao gari lao linaweza kukokota, wasije wakanunua chumba kinachoburuta gari.

Mwalimu akakanyaga pembe ya nyuma. Kisigino kikazama mpaka kifundoni.

Safari hii watu walicheka upande mwingine. Mama akasogea, akamwambia kwa upole, "Kila Jumamosi tutakuwa hapa. Yeyote anayenunua, tutamsaidia kutazama, maana wengine huacha macho nyumbani."

Walifanya hivyo Jumamosi tatu. Katika Jumamosi hizo Bwana Rangi hakuuza hata tairi. Wateja walikuwa wakifika kwake wanauliza kwanza, "Yule binti ameikagua?" Ya nne ilipofika, alikuja mwenyewe uani kwa mama, amebeba mbao na makopo ya gundi ya kuzibia paa.

"Nitaitengeneza trela yako," alisema, akitazama viatu vyake. "Niambieni tu mtaniacha."

"Tengeneza kwanza," mama alisema.

Kwa siku mbili Bwana Rangi alipiga magoti ndani ya trela ile, akibandua zulia na kung'oa mbao zilizooza, kucha zikiwa nyeusi. Chaki aliketi kwenye ngazi kumtazama. Alitamani sakafu ile iwe na urefu wa barabara.

Kazi ilipokwisha, mama alimwita binti yake. "Ikague wewe. Utakalosema ndilo hilo."

Chaki aliingia. Alikanyaga pembe zote nne, akagonga kuta, akamwagia paa maji kwa mpira, akangoja ndani. Alitafuta kosa kwa kila jicho alilokuwa nalo. Nje, Bwana Rangi alikuwa akipangusa jasho. Neno moja tu, "bado", na mtu huyu angeng'oa kila ubao na kuanza upya, na hakuna ambaye angejua.

Alitoka, akasimama mlangoni.

"Imekaa sawa," alisema. "Haivuji."

Bwana Rangi alimtazama kwa mshangao, akakusanya vifaa vyake, akaondoka bila kuaga.

"Nilitaka kusema uongo, mama," Chaki alikiri.

"Niliona. Yeye alisema trela mbovu ni nzima. Wewe ungesema nzima ni mbovu, mngekuwa na tofauti gani? Adui akikufundisha uongo wake, amekushinda hata ukimpigisha magoti. Kuanzia leo watu wakiuliza trela ipi ni nzima, watakuamini, kwa sababu umeisema kweli hata ilipomfaa mtu unayemchukia."

"Bado namchukia."

"Mchukie," mama alisema, akimpa upande mmoja wa cherehani. "Shika hapo, tuiingize ndani."