Mkono wa Chujamwani

Mkono ulishuka taratibu kutoka darini, vidole vitatu vya chuma, ukafungua kifuniko cha chujamwani na kuanza kukwangua. Krrr, krrr. Bi Mwanakheri, aliyekuwa akikuna nazi, akainuka kutoka kwenye mbuzi, hasira zimempanda.

Chujamwani lilikuwa sanduku dogo lililokaa juu ya tangi la samaki, na kila nyumba ya mnara ule wa maghorofa wa Tanga ilikuwa nalo. Ndani yake ulining'inia wavu, taa nyekundu ikiumulika pande zote mbili, pampu ikiumiminia maji ya tangini bila kukoma. Mwani uliota pale ukala uchafu wa samaki, maji yakarudi chini yamesafika. Siri yake ndogo tu: mwani ukirefuka hukwanguliwa, lakini upande mmoja kwa zamu, na mashina yabaki kama nywele za mtoto aliyenyolewa juzi. Ukiumaliza wote, hakuna wa kula uchafu. Samaki hunywa sumu yao wenyewe.

Na samaki hawa hawakuwa mapambo. Bahari ilipopata joto na matumbawe kufa, Bi Mwanakheri alikabidhiwa vitatange sita awatunze mpaka maji yapoe, warudishwe kwao. Sasa walibaki wawili, dume na jike, wamepanda juu, midomo nje, wanahema.

"Upande mmoja!" akafoka. "Nimesema mara ngapi?"

"Ombi lako limepokelewa," mkono ukajibu kwa sauti ya asali, ukaugeuza wavu kuanza upande wa pili.

Mwani ulikuwa wa Kampuni yenye machujamwani yale, iliyousindika kuwa chakula cha kuku. Mkono nao, Kampuni ilisema, unaendeshwa na akili mnemba isiyokosea.

"Leo utanitambua!" Bi Mwanakheri akanyakua mchi, akauinua. Jicho la kioo kwenye kiganja likamtazama. Mkono ukasita. Kisha ikatoka sauti nyingine, imekwaruza kwa mafua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Neno likamtoka kabla hajalizuia. Mchi ukabaki hewani. Mashine haikuwahi kumwamkia. "Nani wewe?"

"Usiupige, mama, tafadhali. Ukivunjika nafukuzwa mimi."

"Si mlisema ni akili mnemba?"

"Ndiyo mimi hiyo akili." Akacheka kicheko kikavu. "Naitwa Singano. Nimevaa glavu za waya. Nikikunja kidole huku, kinakunjika huko."

Bi Mwanakheri akakumbuka. Mwizi, shetani, chuma kisicho na baba: yote alikuwa ameyasema mbele ya kiganja kile, na yote yalikuwa yamesikika.

"Kumbe macho unayo! Samaki wangu wanavyokufa unawaona?"

"Nawaona. Hata wale wanne niliwaona." "Mfuko wa mwani usipojaa, kesho glavu anavaa mwingine. Tuko wengi, mama, tumepangwa kwenye mabenchi."

Hasira hazikushuka, zilihama tu. "Mko nchi gani?"

"Nchi gani tena? Chini kabisa, jengo hili hili. Mkioga tunasikia maji yenu yakishuka."

"Singano mwanangu, upande huo uache."

"Mama, wata..."

"Uache, nimesema! Anayetaka mfuko ujae aje kunidai mimi. Nakuja huko."

Krrr ikakatika. Vidole vikarudisha wavu polepole, upande mmoja bado kijani, na kifuniko kikafungwa.

Bi Mwanakheri akajifunga khanga kiunoni, akaingia kwenye lifti na mchi wake. "Ghorofa ya chini kabisa."

"Samahani," ikasema lifti, "jengo hili halina ghorofa hiyo."

"Mwongo mkubwa wewe."

Akatoka, akazishika ngazi kwa magoti yake yenye baridi yabisi. Akashuka mpaka namba za milango zikaisha, na ngazi zikaendelea. Pale akaupiga ukuta kwa mchi.

"Singano! Gonga nisikie uliko!"

Akatega sikio ukutani. Kisha kutoka chini ukuta ukagongwa, ukagongwa tena, mpaka chokaa ikaanza kumdondokea kichwani. Haukuwa mkono mmoja.